Njoo Alhamisi na Sahihisho la Jumanne

Nyinyi mliofunga mkanda mweupe wa karate hivi majuzi, karibuni sana. Kuna swali ambalo wageni huniuliza tukikunja gi, nguo zetu za mazoezi, baada ya darasa: nifanye nini ngumi yangu iwe kama ya wale wa mstari wa mbele? Wengi hutarajia nitaje zoezi la siri, vyuma vya kunyanyua au video za kutazama. Jibu langu ni hili: njoo Jumanne, njoo Alhamisi, na Alhamisi uje na kile ulichosahihishwa Jumanne.

Sehemu ya mwisho ya jibu hilo ndiyo inayosahauliwa. Kuhudhuria peke yake hakutoshi. Nimewaona watu wasiokosa darasa hata moja, na bado kisigino chao cha nyuma kinabaki juu mwaka mzima, kwa sababu kila jioni wanaanza upya kana kwamba sensei, yaani mwalimu, hajawahi kuwaambia neno. Sensei ana wanafunzi ishirini au thelathini mbele yake. Akipita kwako, akakugusa bega na kusema "shusha", hilo ndilo fungu lako la jioni hiyo, na huenda asirudi kwako hadi wiki ijayo. Kulitunza neno lile ni kazi yako wewe.

Kwa hiyo ukitoka, kabla hujapanda matatu au tuktuk, andika kwenye simu sahihisho moja tu. "Kisigino cha nyuma chini." "Mkono unaorudi ufike kiunoni." "Usiinuke unapopiga hatua." Darasa lijalo, kabla ya kupasha mwili moto, lisome. Kisha kila utakachofanya jioni hiyo, iwe ngumi, kinga au teke, angalia hilo hilo. Ukipiga ngumi mia huku unachunga kitu kimoja, mwili utakishika. Ukichunga sita kwa pamoja, utaondoka mikono mitupu. Siku utakapoona kisigino kinakaa chini bila wewe kukifikiria, mwendee sensei umuulize: "Sensei, kisigino changu sasa kikoje?" Walimu hufurahia swali kama hilo kuliko "Mtihani wa mkanda ni lini?"

Nichukue gyaku-zuki, ile ngumi ya mkono ulio upande wa mguu wa nyuma, maana humo ndimo makosa ya mgeni hujikusanya. Unasimama zenkutsu-dachi: miguu imepishana kwa upana wa nyonga au mabega, goti la mbele limepinda hadi likae juu ya vidole, mguu wa nyuma umenyooka, uzito kama asilimia 60 mbele na 40 nyuma. Nguvu ya ngumi hiyo inaanzia chini. Unyayo wa nyuma unasukuma sakafu, nyonga inageuka, kiwiliwili kinaifuata, na mkono unamalizia. Kisigino kikiinuka mapema, msukumo wote unapotelea kwenye kifundo cha mguu na nyonga haipati cha kuigeuza. Ndiyo maana sensei hakuachi na hicho kisigino. Anakisema kisigino, lakini anachokitazama ni ngumi.

Mgeni huanza na bega. Bega linapanda, kiwiko kinatoka nje, ngumi inazunguka badala ya kwenda moja kwa moja. Njia ya kujikagua ni kusikiliza gi yako: kiwiko kikipita karibu na mbavu, mkono wa nguo utasugua ubavuni. Usiposikia mkwaruzo huo, kiwiko kimetoka. Ngumi yenyewe ifunge kwa kukunja vidole ndani, gumba likae nje juu ya vidole, kifundo cha mkono kisipinde, na ugonge kwa vifundo viwili: cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati. Anayepiga pedi huku mkono umepinda ataumia pale pale, na hiyo ni wiki kadhaa nje ya darasa.

Halafu kuna hikite, mkono unaorudi kiunoni. Wageni huuacha urudi kivivu, kwa sababu macho yao yako kwenye ngumi inayokwenda. Urudishe kwa kasi ile ile ya ngumi. Unausaidia mwili kuzunguka, na pia una kazi yake katika mapambano: mkono ule umeshika kifundo cha mkono au nguo ya mtu, unamvuta aje kwenye ngumi yako. Ukishaielewa kazi hiyo, hutauvuta tena kama pambo.

Kasi isikupe haraka. Mimi huwaambia wageni wafanye kila mbinu polepole bila nguvu mpaka njia yake iwe safi, kisha kwa kasi bila nguvu, na nguvu ije mwisho, tena iwe ya nukta moja tu pale ngumi inapofika. Mkono una misuli inayoukunja na misuli inayounyoosha. Ukikaza yote tangu mwanzo, inashindana yenyewe kwa yenyewe na ngumi inachelewa. Ukimwona mwenzako mpya amekaza taya na shingo, jua ngumi yake iko polepole hata kama inaonekana kali.

Kuhusu kata, ule mfululizo wa mbinu uliopangwa unaoufanya peke yako. Wengi mmeona Bassai Dai au Unsu kwenye simu mkazipenda, na ni nzuri kweli. Lakini kaeni na Heian Shodan, ya kwanza kati ya kata tano za Heian. Anko Itosu, mwalimu wa karate wa Okinawa, Japani, alizitunga kata hizi tano, wakati huo zikiitwa Pinan, mwanzoni mwa karne ya 20, karate ilipokuwa ikiingizwa katika shule za kisiwa hicho. Gichin Funakoshi, aliyekwenda Tokyo kuonyesha karate mwaka 1922, ndiye aliyezifundisha kwa jina la Heian. Tangu mwanzo, basi, ni kata za darasani, zilizopangwa kwa watu wanaojifunza kwa pamoja na kurudia.

Heian Shodan ina miondoko 21 na kiai, yaani ukelele wa nguvu, mbili, na ndani yake mna kipimo kisichodanganya: unamalizia pale pale ulipoanzia. Kama ukumbi wenu una vigae, weka vidole vyako kwenye ukingo wa kigae kimoja, fanya kata nzima, kisha tazama chini. Ukijikuta nusu hatua mbele au pembeni, hatua zako hazilingani urefu. Mara nyingi hatua ya kushoto huwa fupi kuliko ya kulia, au zile hatua tatu za kurudi zimefupishwa kwa uchovu. Hapo umejipatia sahihisho bila kumsubiri mtu.

Sasa niseme kuhusu kukosa darasa, kwa sababu hapa ndipo wengi tunawapoteza. Ukikaa wiki mbili bila kuja, pumzi yako haitakuwa imeharibika sana. Kitakachokuwa kimepotea ni lile sahihisho changa. Tabia ya zamani ya mwili haijafa, inasubiri nafasi, na ukiipa siku kumi na nne inarudi kwake. Mwili hujifunza mwendo kwa kurudia, kupumzika, kulala, kisha kurudia tena kabla haujasahau. Kwa hiyo mtu wa siku mbili kwa wiki mwaka mzima humpita yule aliyekuja kila siku mwezi mmoja akapotea. Chagua idadi ya siku ambazo kazi, shule na nyumba vitakuruhusu kuzitimiza, hata kama ni mbili tu, uzishike.

Najua hali zetu hapa Mombasa. Anayetoka Likoni anategemea feri, anayetoka Kisauni anakutana na foleni ya daraja la Nyali saa ile ile ya darasa. Ukichelewa, njoo hivyo hivyo. Katika dojo nyingi, yaani kumbi za karate, utakaa seiza, kwa kupiga magoti na kukalia visigino, pembeni karibu na mlango, usubiri sensei akupe ishara, utoe rei kwa kuinama, uingie mstari wa nyuma. Hakuna atakayekudharau. Nusu saa ya darasa inatosha kabisa kulilinda sahihisho lako.

Joto nalo lina heshima yake. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, Mombasa hufika nyuzi 32 au 33 mchana, na hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba jasho linatiririka bila kukauka. Jasho lisipokauka halikupoozi. Anza kunywa maji tangu mchana, usingoje kiu ya darasani. Dafu baada ya mazoezi ni zuri na lina potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo kula pia chakula chenye chumvi. Kichwa kikianza kuuma au kizunguzungu kikija, inua mkono, toka, kaa kwenye upepo. Ni kosa kubwa kulichukulia hilo kama udhaifu.

Ramadhani ikiingia, usiache mwezi mzima. Uliza kama darasa lenu litahamia baada ya tarawehe. Kama ni lazima ufanye kabla ya futari, fanya kata polepole, bila kumite, yaani kupambana na mwenzako, na bila kuruka, dakika ishirini zikielekea maghribi. Unalinda mwendo, hujengi pumzi. Na dada zetu wanaouliza kuhusu hijabu: shirikisho la dunia, WKF, linaruhusu hijabu ya michezo hata kwenye mashindano, basi darasani isikuzuie.

Ufuo wa Nyali au Bamburi ni mahali pazuri pa kukimbia na kujenga miguu. Msijifunzie misimamo kwenye mchanga mkavu, lakini. Mchanga unanywea chini ya kisigino, na mwili unazoea kusukuma kitu kinachokimbia. Kama mnapenda pwani, ngojeni maji yapwe, mfanye mateke kwenye mchanga mgumu ulioachwa na bahari. Misimamo muifanyie sakafuni.

Katika gohon kumite, ile ya hatua tano na mwenzako, mshambulie kwa kweli pale mlipokubaliana. Ukimpiga ngumi ya kupita pembeni ya kichwa kwa kumhurumia, anajifunza kukinga kitu ambacho hakikuwa kinamjia. Dhibiti umbali, lakini lengo liwe la kweli. Na mkipanga mistari, usikimbilie mgeni mwenzako kila mara. Simama mbele ya mkubwa wako, atakuonyesha mengi bila kusema.

Maumivu ya misuli ya mapaja baada ya kiba-dachi, msimamo wa kama aliyepanda farasi, ni ya kawaida, yataisha. Maumivu ya goti si ya kawaida. Mara nyingi goti limeangukia ndani wakati vidole vinatazama nje. Mwambie sensei siku hiyo hiyo.

Mikanda isiwasumbue roho. Mfumo wa dan, yaani ngazi za mkanda mweusi, na gi nyeupe karate iliuchukua kutoka judo ya Jigoro Kano, na Funakoshi alitoa dan zake za kwanza mwaka 1924. Mbinu zilikuwapo kabla ya rangi. Nawaambia pia mlioanza mkiwa watu wazima na mnaona aibu kusimama na watoto wa darasa la nne: Sandra Sánchez wa Uhispania alishinda dhahabu ya kata katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, akiwa na miaka 39. Si kwamba sote tutafika huko, ila mwili wa mtu mzima unafundishika, na mara nyingi mtu mzima husikiliza vizuri zaidi.

Kati ya Jumanne na Alhamisi, tumia dakika kumi nyumbani kwa sahihisho lako tu. Barazani panatosha, au uani. Mwombe ndugu yako akurekodi kwa simu kutoka ubavuni, si mbele, kwa sababu kisigino na mgongo huonekana kutoka ubavuni. Usitazame video nzima kwa kujipenda au kujichukia. Tazama kile kimoja ulichoandika, uone kama kipo. Kisha siku ya darasa fika robo saa mapema, umtafute sempai, mwanafunzi aliyekutangulia, aliyeko, umwombe akutazame mara kumi kabla ya mistari kupangwa.