Barua kwa Mwanangu: Uzunguke Huo Mti

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata, na zile picha sita nimezitazama moja moja kwenye kompyuta. Unasema tangu uanze kutembea mashambani siku za mapumziko umependa kupiga picha za magome, mawe, majani na ardhi yenyewe, lakini kila ukirudi nyumbani unavunjika moyo. Umeniandikia hivi: "Mama, kwa macho yangu lile gome lilikuwa na mabonde ya kuingiza kidole. Kwenye picha ni bapa kama karatasi. Ninunue kamera ya maana, au mimi ndiye sijui?"

Kamera usinunue. Simu uliyo nayo inatosha kabisa kwa kazi hii. Kilichokuangusha ni mahali uliposimama. Katika picha zote sita jua lilikuwa mgongoni mwako, na nimelijua hilo kwa sababu kwenye ile ya nne kivuli cha kichwa chako kimeangukia mizizini.

Ukiwa pale mbele ya mti una macho mawili, kila moja linaliona gome kwa pembe yake, na ubongo unazilinganisha pembe hizo na kukuambia hapa pamebonyea, hapa pametokeza. Tena hutulii. Unasogea, unainamisha kichwa, na kila unaposogea mikunjo nayo inahama. Kamera ina jicho moja, na jicho hilo limeganda mahali pamoja. Kinachobaki cha kuonyesha kwamba gome lina mabonde ni kivuli kilicholala ndani ya hayo mabonde. Jua likitoka nyuma yako, mwanga unazama moja kwa moja hadi chini ya kila ufa, na kile kivuli kidogo kinachozaliwa kinajibanza upande wa pili wa kila tuta, lenzi isikoweza kufika. Ndiyo maana flashi ya simu nayo huua picha za namna hii: inamulika kutoka pale pale lenzi ilipo.

Kwa hiyo uzunguke huo mti. Shina ni la mviringo, daima lina upande wa nuru na upande wa giza, na kati yake kuna ukanda mwembamba ambapo mwanga unalipapasa gome kwa ubavu bila kulipiga usoni. Ukanda huo ndio unaoutafuta. Tembea polepole mpaka uwe mbele yako, kisha sogea karibu.

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya ukanda kama huo kwenye mti mmoja mzee. Ndani ya ufa mmoja kulikuwa na utando wa buibui uliochakaa, umeshika vumbi la gome, na nyuzi zake mbili tu ndizo zilizokuwa juani. Kando yake ganda jembamba lilikuwa limebanduka kwa ncha, na nuru iliyopenya ukingoni ilikuwa imeligeuza jekundu kama kaa la moto. Kwa hatua mbili kushoto hivyo vyote vilitoweka. Nilirudi, vikarudi.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu magome ambalo lingekusaidia. Gome la nje limekufa, halikui wala halinyumbuki, ilhali shina linanenepa kutoka ndani mwaka baada ya mwaka. Halina budi kupasuka, na kwenye miti mingi nyufa zake huelekea kusimama wima. Mwanga unaozikatiza nyufa hizo kutoka kushoto au kulia utazichora vizuri. Mwanga unaoteremka sambamba nazo kutoka juu utajaza mifereji yote nuru, na utapata tena karatasi yako. Kila mara jiulize michirizi ya kitu hicho inaelekea wapi, kisha utafute mwanga unaoikata.

Hapa ndipo nisipokubaliana na wanaosema saa 6 mchana ufungie kamera ndani. Wana haki kwa vitu vilivyolala: mchanga, nyasi, njia ya vumbi. Lakini ukuta wa mwamba uliosimama, au kingo za korongo ambamo udongo umejipanga tabaka juu ya tabaka, huo jua la utosini ndilo linaloupapasa kwa ubavu. Kila tabaka lililotokeza hutupa kivuli juu ya lililo chini yake. Nimepata picha zangu nzuri za miamba saa ambazo watu wote walikuwa wamekimbilia kivulini.

Asubuhi na jioni ni za ardhi. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo, kijiti kilichosimama kina kivuli cha urefu wake mwenyewe. Likishuka hadi nyuzi 10, kivuli ni zaidi ya mara 5 ya kijiti. Kwenye nyuzi 5 kinapita mara 11. Sasa badala ya kijiti weka punje ya mchanga. Saa 6 mchana haina kivuli cha kuonekana, lakini jua linapochomoza kila punje inakuwa mlima, na mistari iliyoachwa na upepo usiku inajitokeza yote. Ila uwahi. Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, kwa hiyo kutoka upeoni hadi nyuzi 10 una kama dakika 40 tu. Ukiwa mbali na ikweta jua hupanda kwa mshazari na muda huo hurefuka. Popote ulipo, uwe umeshafika na umeshachagua mahali kabla halijachomoza.

Umeniuliza pia kwa nini rangi ya dhahabu uliyoiona jioni imefifia kwenye picha. Jua likiwa upeoni, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi, kama mara 38 ya ile inayopita likiwa utosini, na njiani samawati inatawanywa, nyekundu na manjano ndizo zinazofika. Simu haijui kwamba hicho ndicho ulichokifuata. Inadhani mwanga una kasoro na inausafisha uwe mweupe. Tafuta kwenye mipangilio ya kamera sehemu ya kurekebisha rangi ya mwanga, uitoe kwenye otomatiki uiweke kwenye alama ya jua. Kama inaonyesha namba, iwe karibu 5,500. Dhahabu itabaki, na vivuli vitaonyesha samawati yao, kwa kuwa vivuli huangazwa na anga.

Niruhusu nikae kidogo kwenye tope, maana ndilo ninalolipenda kuliko yote na katika picha zako halimo. Dimbwi likikauka kando ya njia, watu hulikanyaga na kupita. Wewe piga goti. Uso wa juu hukauka na kusinyaa kabla ya wa chini, ndiyo sababu vipande vyake hukunja kingo kwenda juu kama majani makavu. Kisha tazama nyufa zinapokutana. Ufa uliokuja baadaye hukutana na uliotangulia kwa pembe mraba, karibu kila mara, kwa hiyo unaweza kukaa pale na kusoma upi ulipasuka kwanza, upi ukafuata, hadi ule mdogo kabisa wa jana. Sijui kitu kingine njiani kinachoandika historia yake waziwazi namna hiyo. Piga ukiwa umeishika simu sambamba na ardhi kabisa, kwani ukisogea karibu sehemu inayotoka kali huwa nyembamba sana, na simu ikiinama kidogo tu nusu ya picha inakuwa ukungu.

Na usirudie kosa langu. Asubuhi moja nilikuta nyayo za ndege zimevuka tope kama hilo, moja baada ya nyingine, safi kabisa. Jua lilikuwa chini, nyuma yangu. Nilipiga picha nyingi kwa furaha. Nyumbani nikaziona nyayo zimevimba kwenda juu, kama mtu aliyezibandika kwa udongo. Nilihuzunika sana, mpaka nilipoigeuza picha juu chini na nyayo zikazama mahali pake. Ubongo wetu umezoea mwanga kutoka juu. Nuru ikiingia kwenye picha kutoka upande wa chini, shimo linaonekana kichuguu na kichuguu kinaonekana shimo. Tangu siku hiyo, nikikuta nyayo, huhama upande mwingine ili jua liwe mbele yangu au ubavuni, nikiikinga lenzi kwa kiganja.

Jua likiwa mbele yako lina zawadi nyingine: majani. Jani linaloangazwa kutoka nyuma linaonyesha mishipa yake yote hadi ile midogo kama nywele. Likiwa na umande, subiri. Ukikaribia vya kutosha utaona kwamba kila tone ni lenzi, na ndani yake mashamba na anga vimepinduka, mbingu chini na ardhi juu. Jaribu kulipata tone moja tu likiwa kali. Itakuchukua nusu ya asubuhi na hutajuta. Simu ikikataa kukamata, umekaribia mno. Rudi nyuma kidogo mpaka picha itulie, kisha baadaye ikate kingo ubaki na tone.

Siku za mawingu usibaki nyumbani. Anga lote linakuwa taa moja kubwa laini, vivuli vinapotea, na hapo ndipo rangi zinapopata nafasi. Mawe yaliyolowa huwa meusi zaidi na rangi zake hukolea. Ni siku ya kuvumwani, yale madoa ya kijivu na manjano yanayotambaa juu ya mawe na magome, ambayo jina lenyewe limetaja wenyeji wake: kuvu na mwani wakiishi pamoja. Mengi yake hayakui hata milimita moja kwa mwaka. Doa lenye upana wa kiganja chako huenda lilikuwepo kabla ya bibi yako kuzaliwa, kwa hiyo usilikwaruze wala kuliegemea, na wala usibandue gome ili picha ipendeze. Majani mabichi yaliyolowa yana tatizo la mng'ao mweupe unaofunika kijani. Ukiwa na miwani ya jua ya polaraizi, ile ambayo kioo chake huchuja mng'ao, weka kioo hicho mbele ya lenzi ukizungushe polepole. Mng'ao utapungua na kijani kitatokea.

Jambo la mwisho la kiufundi. Gome lako la picha ya pili ni jeusi, nalikumbuka, lakini limetoka kijivu. Kamera hupima mwanga ikidhani kila kitu duniani kina wastani mmoja wa kijivu, kwa hiyo giza inalipausha na mchanga mweupe inauchafua. Gusa skrini mahali unapotaka pawe pakali, shikilia mpaka kamera ijifunge kwenye sehemu hiyo, kisha teremsha mwangaza mpaka nyufa ziwe na weusi wake. Kwa mchanga fanya kinyume, pandisha kidogo.

Najua bado unaifikiria ile kamera. Mjerumani Karl Blossfeldt, aliyefariki mwaka 1932, alipiga picha za mimea kwa zaidi ya miaka 30 kwa kamera aliyoiunda mwenyewe, machipukizi, mbegu na vikonyo, akivikuza hadi mara 30 ili wanafunzi wake wa sanaa huko Berlin waone maumbo yake. Alikuwa mwalimu, na alirudia somo hilo hilo miaka yote hiyo. Nilipokuwa na umri wako nilidhani kurudia ni kukosa mawazo. Sasa nina mti mmoja ambao nimeupiga picha misimu yote, na bado kila nikipita nauzunguka.

Kwa hiyo nikuombe kitu. Jumamosi rudi kwenye gome lile lile la picha ya pili. Lipige mara tatu: jua likichomoza, saa 6 mchana, na jioni, kila mara ukiwa umeuzunguka mti kwanza mpaka mahali pakuite. Nitumie zote tatu bila kuandika saa. Nataka nikae nazo nizitambue mwenyewe kwa vivuli vyake, kisha nikupigie simu nikuambie ipi ni ipi.

Mama yako akupendaye.