Kijana mrefu, jifunze kwanza kazi ya namba tano

Vijana warefu wanaoletwa kwetu kwenye mazoezi ya mpira wa kikapu wengi wana ombi moja: wanataka kurusha pointi tatu, yaani kufunga kutoka mbali. Mtu ana futi sita na nusu, hajui hata kusimama mbele ya mshambuliaji, lakini ameshatazama video za Stephen Curry mpaka bando limeisha. Simlaumu. Ila mimi nimecheza namba tano, yule mrefu anayelinda chini ya ringi, miaka mingi kwenye ligi ya mkoa na sasa nafundisha, kwa hiyo wakija nawaambia wakamtafute mtu mwingine kwenye simu zao: Dikembe Mutombo.

Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966 na alifariki Septemba 2024. Alicheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, misimu 18, kuanzia Denver mwaka 1991 hadi Houston mwaka 2009, akaacha akiwa na miaka 42 baada ya goti kumshinda kwenye mechi ya mtoano dhidi ya Portland. Mwaka wake wa kwanza alifunga wastani wa pointi 16.6 kwa mechi. Hakuifikia tena namba hiyo maisha yake yote! Akimaliza, wastani wake wa jumla ulikuwa pointi 9.8. Jiulize sasa, mtu asiyefikisha hata pointi kumi anaajiriwaje miaka yote hiyo kwenye ligi ngumu kuliko zote?

Jibu ni kwamba alikuwa na kazi moja na kila kocha aliijua. Alizuia mipira 3,289, na anayemzidi katika historia ya ligi ni Hakeem Olajuwon peke yake. Mara nne alichaguliwa mlinzi bora wa mwaka. Mwaka 1994 Denver waliingia mtoano wakiwa wa nane, wakapangwa na Seattle walioshika nafasi ya kwanza. Walipoteza mbili za mwanzo, wakashinda tatu mfululizo, na kabla ya hapo haikuwahi kutokea timu ya nane kumtoa wa kwanza. Katika mechi hizo tano Mutombo alipiga bloku 31, yaani alizuia mipira 31 iliyorushwa kwenye ringi. Tafuta ile picha yake ya mwisho wa mechi: kalala sakafuni, kaukumbatia mpira, anacheka kama mtoto.

Sasa bloku yenyewe. Vijana wengi huruka mapema kwa sababu wanaona raha ya kuupiga mpira ukaenda kwa mashabiki. Usiruke kwanza. Mwache yeye aondoke chini, wewe mkono wako uwe tayari juu, kiwiko kimenyooka, kisha ruka wima, siyo kumwelekea, maana kifua kikimgusa refa anapuliza. Na ukiupata, usiupige nje. Uguse tu umwangukie mwenzako. Mpira ukitoka nje bado ni wao, umefanya kazi ya bure.

Faida nyingine tuliyo nayo huku ni sheria. NBA tangu msimu wa 2001/02 mlinzi haruhusiwi kuganda chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu kwa karibu. Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambazo ndizo tunazochezea, hazina kitu hicho. Vilevile kwa FIBA mpira wa kurusha ukishagusa ringi unaruhusiwa kuupiga hata kama bado uko juu yake. Namba tano asiyetumia mambo haya mawili anaacha pesa mezani mwa mwenzake.

Kuna watakaoniambia zama hizo zimepita, na wana hoja. Tarehe 25 Juni 2009, miezi miwili tu baada ya Mutombo kuumia, kijana wetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili na Memphis kwenye drafti, siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Curry alikuwa wa saba siku hiyohiyo. Nawasikia watu vijiweni wakimsema Hasheem, kwa kuwa hakung'ara huko, kana kwamba alikuwa mvivu, na mimi huwa nakataa. Ligi ilikuwa inageuka. Mtu wa sentimita 221 alianza kutakiwa atoke nje kumkaba mpiga pointi tatu. Kwa hiyo ndiyo, jifunze kurusha, jifunze kusogeza miguu pembeni. Lakini iwe nyongeza. Kwenye majaribio ya timu yoyote kocha anakuwa na dakika chache za kukutazama, na wapigaji anao tayari.

Wazazi nao nawaomba watazame upande wa pili wa huyu Mutombo. Alipofika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 alikwenda kwa udhamini wa masomo, akitaka kuwa daktari, Kiingereza hajui. Mwaka wa kwanza aliutumia darasani. Akaondoka na shahada ya isimu na diplomasia, na katikati alifanya mafunzo ya kazi Benki ya Dunia. Hata hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie, ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007 akiwa bado anavaa jezi ya Houston. Hakusubiri astaafu ndipo aanze kufikiri.

Kwa hiyo akija mtu nyumbani na barua ya skolashipu ya kikapu, kabla hujafurahia jina la shule, muulize mambo matatu na yaandikwe: kijana akivunjika goti ada analipa nani, matibabu analipa nani, na asipopangwa kwenye timu anaendelea kusoma au anarudishwa. Akianza kuzungukazunguka, mshukuru kwa chai na umsindikize.