Usifungue silinda hedi Jumamosi, pima presha kwanza

Mkuu weka spana chini. Umesema gari lako la zamani linakunywa karibu nusu lita ya kulanti (maji ya kupozea injini) kwa wiki, chini hamna hata tone, mfuniko wa oili una utando mweupe kama maziwa, na fundi kashakwambia ni hedi gasketi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi iliyo juu yake) kwa hiyo Jumamosi mnafungua. Uliyouliza ya themostati na aina ya kulanti ngoja kwanza, maana mimi niliambiwa hayohayo nikafungua.

Injini yangu bloku ya chuma, hedi ya alumini, studi (boliti ndefu zinazoshika hedi) zimekaa humo miaka mpaka zimeshikana na hedi kwa kutu. Siku mbili tunamwagia dawa ya kutu na kugonga kwa nyundo ya mpira, studi moja ikakatikia ndani ya bloku, kuitoboa drili ikaenda upande, ikabidi tundu lipanuliwe na kukatwa nyuzi upya. Hedi nayo ikaenda kusawazishwa. Gasketi ilipotoka fundi akanionyesha alama nyeusi, "si unaona?", nikaona kweli, kumbe gasketi yoyote ya umri ule ukiibandua itaonekana mbovu tu. Tukafunga. Wiki ya pili nafungua rejeta, maji yameshuka vilevile!

Kilikuwa kizibo cha bati nyuma ya bloku, vile vya duara vinavyoziba matundu ya njia za maji. Kutu imekila kikatoboka tundu kama la sindano, kinavuja injini ikiwa ya moto, maji yanakauka kabla hayajafika chini. Na yule fundi hakuwahi hata kuinama na tochi, alifungua mfuniko wa oili akaona utando akatoa hukumu. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Utando ule unatokea hata kwa safari fupifupi, injini haipati moto wa kutosha unyevu unabaki juu. Vuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, oili ya pale ikiwa safi na haijapanda basi huo utando peke yake hauthibitishi kitu.

Tafuta pampu ya kupimia presha, ile inayofungwa pale mfuniko wa rejeta unapokaa. Injini iwe baridi kabisa, usije ukaungua. Pampu mpaka namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, gari za zamani nyingine ni 7 psi (kipimo cha presha) tu, usizidishe utapasua rejeta. Sindano ya geji ya pampu ikishuka pita na tochi kwenye wota pampu, hosi zote, chini ya kapeti kwenye hita, na vizibo vya bloku hasa vya nyuma. Nje kukavu? Toa plagi zote uzungushe injini kwa stata, maji yakiruka kwenye tundu la plagi hapo una tatizo la ndani, gasketi au hedi yenye ufa. Kisha kipima gesi juu ya rejeta, dawa ya bluu ikigeuka njano ujue moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Mfuniko wa rejeta wenyewe nao upimwe, springi ikichoka unaachia maji kabla ya wakati.

Ukishafungua hedi vipimo vyote hivyo huwezi kuvifanya tena, ndo maana nakusumbua hivi. Pampu leo jioni, iache dakika ishirini, uje useme sindano imesimama wapi.