Jibu: Kompyuta moja kwa kazi na kwa watoto

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Umeuliza kama ununue kompyuta ya pili, kwa kuwa hapo nyumbani Wete unafanyia hesabu za hoteli kwenye kompyuta ile ile ambayo watoto wanatazamia katuni. Sioni haja, madhali kompyuta ni yako mwenyewe. Ingekuwa ya mwajiri, ningesema watoto wasiiguse kabisa.

Kwenye Windows, fungua akaunti tatu zenye nywila tofauti: ya msimamizi, ambayo utaiingia tu unapoweka programu, ya kazi, na ya watoto, na hizi mbili za mwisho ziwe akaunti za kawaida. Mwenye akaunti ya kawaida hawezi kufungua mafaili ya mwenziwe bila ya nywila ya msimamizi, kwa hiyo mtoto akibonyeza tangazo la mchezo wa bure, madhara mara nyingi hubaki upande wake. Wengi hutosheka na kutenganisha wasifu (profile, yaani sehemu ya kila mtumiaji) ndani ya kivinjari cha Chrome, jambo ambalo huzuia nywila na alamisho zisichanganyike, lakini si kinga, kwani aliyekaa mbele ya skrini huhama wasifu kwa kubonyeza tu.

Unapoinuka kwenda kuswali au kuitikia hodi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, skrini ijifunge. Nakala za hesabu ziweke kwenye diski ya nje, uichomeke wakati wa kunakili tu, maana virusi vinavyofunga mafaili huifunga na diski iliyoachwa imechomekwa. Na kama bado unatumia Windows 10, lishughulikie hilo kwanza, kwani masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.