Wadogo zangu wa jikoni, nyongo haina dawa

Jumanne nimemkuta binti mpya ameinamia sufuria ya supu, anakamulia ndimu ya tatu. Nikajua kabla sijaonja. Ninyi mnaoanza kazi ya vifungua kinywa hapa Kirumba, Mwanza, nawapenda, lakini makosa ni yaleyale kila mwaka, na mimi nimechoka kuyaona.

1. Moto uwake saa kumi alfajiri. Watu wa soko la samaki la Mwaloni hawasubiri mkaa ushike.

2. Samaki sato. Hapa mnisikilize. Ukimpasua, ncha ya kisu isizame. Anzia kwenye tundu la haja, panda kuelekea shingoni juu juu tu, kisha toa utumbo kwa vidole. Nyongo iko pale penye ini, kifuko cha kijani, chepesi kupasuka.

Mwaka wangu wa kwanza benchi zilikuwa zimejaa, nikaharakisha, nikakitoboa. Niliuona ule ukijani ukitambaa kwenye nyama. Nikasuuza, nikajipa moyo, nikatumbukiza. Sufuria nzima ikawa chungu. Nikaongeza ndimu, nikaongeza pilipili, nikaongeza chumvi. Halafu nikapakua.

Kulikuwa na mzee mmoja, fundi mitumbwi, mteja wetu tangu mama mwenye mgahawa anapikia chini ya mwembe. Bakuli la supu na chapati mbili, kila siku ya Mungu. Akaonja kijiko kimoja, akakiweka chini taratibu. Akala chapati kavu, akalipa hela yote. "Mwanangu, ungeniambia tu leo supu hakuna." Hakupandisha sauti.

Siku tisa hakuja. Kila asubuhi nilikuwa naliangalia lile benchi la mlangoni. Siku ya kumi alipoitikia shikamoo yangu, machozi yalinitoka mbele za watu.

Mama hakunikata mshahara. Alinipeleka nyuma, akanipa sato kumi, nipasue mmoja mmoja macho yake yakiwa mkononi mwangu. Kufika wa nne ndipo kisu kilipoacha kutetemeka.

Kwa hiyo nyongo ikipasuka, huyo samaki asiiguse sufuria. Akishaingia, mwaga, sema supu hakuna, wape maharage.

3. Unga wa chapati upumzike. Msibishane na mimi.

4. Angalieni mwezi. Ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana taa zao hazivuti kitu kwenye mbalamwezi. Wateja wa alfajiri wanapungua, na maandazi yanalala. Kandeni nusu.

5. Deni liandikwe mteja akiwa bado amekaa. Juzi wamekula watu watatu wa Ukerewe, binti akasema ataandika akimaliza vyombo. Meli imeshaondoka, daftari jeupe. Ni huyuhuyu wa ndimu. Jumanne tulimwaga ile supu pamoja, akaniuliza kama ndiyo basi tena, arudi kwao. Nikamwambia kesho saa kumi awepo, kuna sato kumi nimemwekea.