Jibu: Kumalizia kiko cha briari nyumbani bila vanishi

Mkuu, umeuliza kama kiko cha briari (mti mgumu wa kutengenezea viko) ulichonunua kikiwa ghafi (kimeshatobolewa, mrija upo, ila nje kimejaa alama za tupa) unaweza kukipaka vanishi ya samani king'ae haraka. Usipake. Bakuli la kiko hupata moto kila linapovutwa, na vanishi ikipata moto hulainika, hufanya malengelenge kisha hubanduka. Mng'ao wa briari unatoka kwenye msasa, nta inakuja mwisho tu.

Anza na maungio. Ingiza mrija kwa kuuzungusha taratibu, usiusukume moja kwa moja, maana shingo ya kiko hupasuka kirahisi. Ulimi (ncha ya mrija inayoingia shingoni) ukibana sana, usugue kidogo kwa msasa namba 600 au uupake risasi ya penseli. Ukilegea na mrija ni wa ebonaiti (mpira mgumu), pasha ulimi kwa mbali hadi ulainike, ingiza ncha ya msumari iliyochongoka utanuke kidogo, kisha uache upoe. Mrija wa akriliki (plastiki ngumu) usiufanyie hivyo.

Piga msasa kiko huku mrija ukiwa umechomekwa. Wengi huharibu hapa: wanasugua vipande viwili mbalimbali, kingo zinaviringika, na vikiunganishwa unabaki mfereji usiofutika. Karibu na maungio, zungushia msasa kwenye kipande cha mbao bapa. Anza na 220 mpaka alama zote za tupa ziishe, halafu 320, 400, 600. Kati ya namba na namba futa vumbi, pitisha kitambaa chenye maji kidogo, acha ikauke. Nyuzi za mti zilizolala zitasimama, nawe utazikata kwa namba inayofuata. Kama mkwaruzo wa 220 bado upo ukiwa kwenye 400, rudi nyuma. Rangi haifichi mkwaruzo, inauchora.

Vishimo vidogo ni kawaida, kwani briari ni fundo la mzizi wa kichaka cha Erica arborea, kinachoota kwenye ardhi ya mawe huko Mediterania. Unga wa briari na tone la supaglu vinaziba, lakini gundi hainywi rangi, kwa hiyo doa litaonekana. Eneo likiwa na vishimo vingi, mimi naona ni heri kulichonga likwaruze kwa makusudi kuliko kulijaza gundi.

Kwa rangi, tumia rangi ya ngozi iliyoyeyushwa kwa spiriti. Jaza bakuli karatasi laini ili rangi isiingie ndani, na tundu la shingo pia lisiguswe. Mrija utoe. Ukitaka mistari ya mti ijitokeze, paka nyeusi kwanza, ikauke, kisha sugua kwa 400: sehemu ngumu zitarudi kuwa nyeupe, laini zitabaki na weusi. Rudia 600, halafu paka kahawia au nyekundu. Wapo wanaowasha spiriti ikiwa mbichi ili rangi ishike. Inafanya kazi, ila fanyia nje na chupa iwe imefungwa na iko mbali. Mchana moto wa spiriti hauonekani vizuri. Ikikauka, futa rangi ya ziada kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, la sivyo itakuchafua mikono.

Nta bora ni karnauba, lakini huyeyuka kwenye nyuzi joto 80 na ushee, hivyo kusugua kwa mkono hakutoshi. Unahitaji gurudumu la pamba lililofungwa kwenye mota au drili. Pitisha kwanza tripoli (dawa ya kung'arishia yenye chembe laini), kisha karnauba kidogo sana kwenye gurudumu jingine. Shikilia kiko upande wa chini wa gurudumu. Ukikiweka juu kitanyakuliwa na kurushwa sakafuni. Huna mashine? Pasha kiko kwa drai ya nywele, paka nta ya nyuki, sugua kwa flana. Itang'aa, lakini itafifia mapema na utairudia.

Mrija umalizie kwa msasa wa maji, 600 hadi 2000. Ukiupeleka kwenye gurudumu usikae sehemu moja, hasa akriliki: inayeyuka na kuacha michirizi.