Niko kwenye dawa za TB: nimeze manjano kulinda ini?

Swali: Niko mwezi wa pili wa dawa za TB. Nasikia zinaharibu ini, na muuza dawa za asili kanipa vidonge vya manjano na pilipili manga "vya kusafisha ini". Nivitumie pamoja?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Viweke pembeni leo, ila dawa za TB endelea nazo.

Hofu yako ina msingi. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, dawa zilizomo kwenye matibabu ya TB, zote zinaweza kuumiza ini. Ninachokataa ni hilo neno "kusafisha", ambalo nalisikia dirishani pa famasi kila wiki. Ini si filta ya gari inayojaa uchafu. Kazi yake ni kuvunja kemikali, na mara nyingine sumu huzaliwa humo humo wakati wa kuvunja. Isoniazidi huumiza kwa njia hiyo. Utasafisha nini hapo?

Wauzaji husema "imethibitishwa na utafiti". Utafiti wenyewe mara nyingi ni wa panya: ananyweshwa dawa iliyokamuliwa kwenye majani siku kadhaa, kisha anapewa sumu kama kaboni tetrakloridi, halafu ini lake linapimwa. Panya huyo amekingwa kabla, kwa dozi iliyopimwa, dhidi ya sumu moja. Hana TB wala hamezi dawa mchanganyiko kama wewe.

Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Vidonge vimekolezwa, na piperini ya pilipili manga huingiza kurkumini, kemikali kuu ya manjano, nyingi zaidi kwenye damu. Marekani na Italia wameshapata wagonjwa walioumia ini kwa vidonge vya aina hiyo. Ukimeza vyote ukaugua, daktari atajuaje kilichokuumiza? Huenda akasimamisha matibabu ya TB kwa kosa la manjano.

Sidharau mimea. Silibinini, itokanayo na mmea wa Silybum marianum, hutumika Ulaya kwa waliokula uyoga wa sumu. Lakini hutolewa kwa dripu, hospitalini, miligramu zikihesabiwa.

Mkojo wa rangi ya chungwa ni rifampisini tu. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukatapika, au macho yakawa ya njano, usimeze dozi inayofuata. Nenda kliniki siku hiyo hiyo na vidonge hivyo vya manjano mkononi.

Na wengine mnaosoma hapa: "ya asili" haimaanishi salama. Kava ni mmea, na Ujerumani iliuondoa sokoni mwaka 2002 kwa hofu ya kuumiza ini. Chupa isiyoandikwa kilichomo na kiasi chake, msiinywe.